Msiisingizie Milima ya Upare

Mwananchi wa Vudee, wa Chome au wa Mpinji akilalamika kwamba tovuti ya ofisi fulani haifunguki kwenye simu yake, hujibiwa kabla hajamaliza sentensi: ni mtandao, huko kwenu milimani mtandao unasumbua. Jibu hili limetolewa kwa miaka mingi, limezoeleka, na sehemu yake kubwa si kweli. Milima ya Upare haijaongezeka kimo tangu intaneti ifike Same. Kilichoongezeka ni uzito wa kurasa tunazotengenezewa, nao umeongezwa na watu waliokaa mezani, kompyuta kubwa mbele yao na waya wa faiba ukutani, wakiipima kazi yao palepale walipoifanyia. Ukurasa ukifunguka Dodoma au Dar es Salaam, kazi imekubaliwa na malipo yametoka.

Tupige hesabu. Ukiiacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kupanda kuelekea Suji au Mamba, simu hushuka kutoka 4G hadi 3G, na ukizunguka nyuma ya kilima hushuka tena hadi 2G, ile herufi E ndogo juu ya skrini. E hiyo, siku ikiwa nzuri, hupitisha kama kilobaiti 25 kwa sekunde. Sasa chukua picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya afisa habari, megabaiti 6, haikupunguzwa hata kidogo, ikawekwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: mgeni rasmi anakata utepe. Kwa mwenye E, picha hiyo peke yake ni dakika 4. Na haiko peke yake. Ziko nne zinapishana, kwa hiyo dakika 16. Ukurasa una pia programu ndogo za kuzizungusha, fonti za kurembesha, ramani, video inayojicheza yenyewe bila kuombwa. Tangazo lenyewe alilolifuata yule mwananchi, maandishi ya ukurasa mmoja, lina uzito wa kilobaiti 3 au 4. Lingemfikia kabla sekunde haijatimia, ila limewekwa foleni nyuma ya mapambo, na mara nyingi bando huisha kabla zamu yake haijafika.

Tusisahau bando. Muuzaji wa intaneti hukata kwa megabaiti, hajali kama ni habari au ni pambo. Anayetengeneza ukurasa mzito anamuuzia mkulima tangawizi pamoja na udongo wa shamba, vyote vimepimwa kilo moja na bei moja. Mwenye faiba ya ofisi hasikii chochote. Mama wa Gonja aliyenunua kifurushi cha siku moja ndiye anayelipia utepe unaokatwa.

Mwaka 2016 Google walieleza kwamba zaidi ya nusu ya wanaofungua ukurasa kwa simu, asilimia 53, huondoka ukichukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka. Takwimu hiyo wafanyabiashara wameielewa vizuri, kwa sababu mteja akiondoka huenda kwa jirani. Lakini raia aende wapi? Leseni ya biashara haina duka la pili. Tangazo la ajira ya serikali halina mshindani. Raia hawezi kuondoka, kwa hiyo hubaki anatazama kiduara kinazunguka, anarudia, anarudia tena, na mwisho anapanda bodaboda kushuka mjini.

Nendeni asubuhi yoyote kwenye steshenari za Same. Mtamkuta mtu aliyetoka mlimani kabla jua halijachomoza, amelipa nauli ya kushuka na anaidunduliza ya kupanda, amekaa kwenye benchi akisubiri kijana wa kompyuta amjazie fomu ambayo serikali yenyewe ilisema imeiweka mkononi mwake. Analipia huduma. Kisha, na hapa ndipo panaponiuma zaidi, anamtajia yule kijana namba yake ya NIDA, namba ya simu, barua pepe na nywila, kwa sauti, watu wamejaa. Kijana hana kosa. Anafanya kazi halali na wengi wao ni waaminifu. Kosa ni la waliotoa ahadi ya kusogeza huduma karibu na mwananchi, kisha wakaijenga huduma hiyo kwa namna inayomlazimu kumkabidhi mtu baki funguo za maisha yake.

Nije kwenye tabia ninayoiona mbaya kuliko zote, ambayo karibu kila ofisi nchini inayo. Afisa anaandika tangazo kwenye kompyuta. Maandishi safi, mepesi, yanayosomeka. Analichapa. Linasainiwa, linapigwa mhuri, linapelekwa kwenye skana, linageuka picha. Picha hiyo inafungwa ndani ya faili la PDF lenye jina kama scan0023, inapandishwa kwenye tovuti, kazi imekwisha. Kwa safari hiyo fupi ya kutoka meza moja hadi nyingine, tangazo limenenepa mara mamia, na limepofuka. Halisomeki na programu ya mtu asiyeona. Haliwezi kukuzwa kwa vidole bila kukatika pembeni. Huwezi kunakili hata namba ya simu iliyomo. Injini ya kutafutia inakuta jina lisilo na maana na karatasi iliyopinda, hivyo mara nyingi hailiweki mahali ambapo mtu atalikuta. Maneno yalikuwapo, tumeyaua kwa mikono yetu ili mhuri uonekane. Mhuri ubaki kwenye jalada la ofisi. Kwenye tovuti weka maneno.

Wasioona na wenye uoni hafifu hawaombi huruma katika jambo hili, wanadai haki iliyokwisha kuandikwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inataja waziwazi teknolojia ya habari na mawasiliano, intaneti ikiwamo. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sensa ya 2022 ikaonesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu. Vifaa navyo vipo, tena bure. Simu ya Android huja na TalkBack ndani yake, inamsomea mwenye simu kila anachokigusa. Kwenye kompyuta ipo NVDA, ambayo Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, aliianza mwaka 2006 ili wenzake wasilazimike kununua programu za bei ya juu. Mtu asiyeona amefanya sehemu yake. Tuliobaki ni sisi tunaoweka kitufe kisicho na jina, hivyo simu inamwambia tu kitufe, kitufe, kitufe, naye hajui kipi ni cha kutuma na kipi ni cha kufuta.

Fikirieni mikopo ya halmashauri. Sheria inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Maombi yake siku hizi yanapitia kwenye mfumo wa mtandaoni. Uamuzi huo una faida zake, unapunguza vikundi hewa na upendeleo. Lakini kuanzia siku uombaji ulipohamia kwenye skrini, ubora wa skrini ukawa sehemu ya sheria. Kikundi cha watu wasioona kikishindwa kujaza fomu kwa sababu hakuna aliyeviwekea visanduku majina, ile asilimia 2 imebaki kwenye karatasi, na hakuna diwani atakayejua kwa nini waombaji walikuwa wachache.

Lipo pia kosa la herufi mbili tu. Kila ukurasa hubeba mwanzoni mwake alama ya lugha: en kwa Kiingereza, sw kwa Kiswahili. Kurasa nyingi za Kiswahili zimeachiwa en iliyokuja na kiolezo kilichonunuliwa nje. Simu ya asiyeona ikiiona en inachukua sauti ya Kiingereza na kuyasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza hadi maana inapotea, ilhali sauti ya Kiswahili imo ndani ya simu hiyohiyo. Marekebisho yake ni ya dakika moja. Na viziwi je? Kule Mwanga, ambako kuna shule yao, muulizeni mhitimu yeyote ni video ngapi za taasisi zetu zina maandishi chini au mkalimani wa lugha ya alama pembeni.

Tena anayenufaika si mwenye ulemavu peke yake. Miongozo ya kimataifa inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Waliochagua kijivu hafifu juu ya nyeupe kwa sababu kinaonekana cha kisasa hawajawahi kusimama Makanya saa saba mchana na simu ya bei ndogo yenye kioo kilichopasuka. Jua la Same linafuta kijivu chote.

Najua hoja inayokuja. Tutaambiwa: takwimu zetu zinaonesha wanaotembelea tovuti wengi wako mijini na wana simu nzuri, kwa nini tuwatengenezee wasiokuja? Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na sijui mahali methali hiyo inapotumika kikatili kuliko kwenye takwimu za tovuti. Kihesabio huhesabu waliofika. Aliyekata tamaa njiani hahesabiwi. Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi wa YouTube, aliwahi kuandika yaliyomkuta. Ukurasa wa video wakati ule ulikuwa na uzito wa megabaiti 1.2, yeye akaupunguza hadi chini ya kilobaiti 100, akautoa kwa sehemu ya watumiaji na kusubiri kasi ipande. Wastani wa muda wa kufunguka ukawa mrefu zaidi. Alishangaa mpaka alipotazama majibu kwa kila eneo la dunia: watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika na hata Siberia walikuwa wameingia kwa wingi. Kwao ukurasa wa zamani ulihitaji kama dakika 20, kwa hiyo hawakuwa wakiutumia kabisa. Ule mwepesi ulichukua dakika 2, wakaja. Hawakuwahi kuonekana kwenye takwimu kwa sababu mlango ulikuwa mdogo kuliko wao. Watu wa Mhezi na Vunta ndio hao. Punguzeni uzito, kisha mhesabu upya.

Na kwamba inawezekana hapa kwetu, ushahidi tunao kila mwaka. Baraza la Mitihani linapotoa matokeo, ukurasa wa shule ni jedwali tupu: namba ya mtahiniwa, jinsi, alama, daraja. Hauna picha zinazozunguka. Seva huelemewa saa za mwanzo kwa sababu nchi nzima imekimbilia mahali pamoja, lakini ukishafika unafunguka hata kwenye simu iliyochoka, na mzazi wa Kihurio anasoma jina la shule na daraja bila kumlipa mtu. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba haukupambwa. Vilevile Wikipedia ya Kiswahili, ambamo watu wa kujitolea wameandika kurasa za kata zetu, Bwambo, Mtii, Lugulu na nyinginezo: maandishi mepesi, viungo vinavyofanya kazi, kichwa kinachosema ukurasa unahusu nini. Ndiyo maana mtu akitafuta jina la kata, mara nyingi hukutana na maelezo ya mtu wa kujitolea kabla ya neno lolote la ofisi inayolipwa kuitumikia kata hiyo.

Hapo tumeingia kwenye kuonekana, na kuonekana ni fedha. Kwenye Upare Kusini kuna kilele cha Shengena, zaidi ya meta 2,400, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome. Kuna ndege mdogo, Zosterops winifredae, asiyeishi popote duniani ila kwenye milima hii. Chini ya milima hiyo, mwendo mfupi kutoka Same mjini, lipo lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi yenye faru weusi. Mtu aliyeko Uholanzi akitaka kumwona ndege huyo atamuuliza Google, na Google itampa walioandika: kampuni ya safari yenye ofisi mbali na hapa, au shirika la wapenda ndege la Ulaya. Kijana wa Mbaga anayeijua kila njia ya msitu hayumo. Amewekewa bango zuri la picha lenye namba yake ya simu ndani ya picha, na injini ya kutafutia husoma maandishi kwanza. Mkulima wa Mamba Miamba naye ana tangawizi inayojulikana nchi nzima, amejengewa hata kiwanda cha kuisindika, lakini mnunuzi wa Mombasa au Muscat anayetafuta kwa Kiswahili tangawizi ya Same atakutana na habari za ziara za viongozi kiwandani kabla ya kukuta ukurasa unaosema mzigo upo, bei ni hii, piga namba hii.

Dawa yake haina uchawi. Andika kichwa cha ukurasa kinachotaja kitu na mahali, si neno Mwanzo. Tumia maneno ambayo watu wenyewe wanatafutia. Ipe kila picha maelezo kwa maandishi. Ukihamisha tovuti, usiziue anwani za zamani. Elekeza kila moja kwenye mpya yake. Lipia cheti cha usalama kabla hakijaisha muda, ili kivinjari kisimtishe mgeni. Na kwa kuwa Google ilitangaza mwaka 2016, ikakamilisha 2023, kwamba inazipima kurasa kwa sura zake za simu, tovuti inayopendeza kwenye kompyuta ya mkurugenzi pekee inashushwa chini na mashine ileile tunayoitegemea itutangaze. Kasi, usomekaji na kuonekana ni kazi moja. Maelezo ya picha yanayomsaidia asiyeona ndiyo yanayosomwa na injini ya kutafutia; picha iliyobanwa kwa ajili ya mwenye E ndiyo inayompandisha mkulima kwenye orodha.

Wengine husema wananchi hawatumii tovuti siku hizi, wapo WhatsApp na Instagram. Wapo huko kwa sababu milango mingine imewakataa. Tangazo la Instagram la Jumatatu limezikwa ifikapo Ijumaa, linadai uwe na akaunti, na kwa kawaida ni picha nyingine tena yenye maandishi yasiyosomeka kwa asiyeona. Kumbukumbu za umma haziwezi kuwekwa kwenye ukuta wa kampuni ya kigeni.

Yapo mambo ambayo kuchelewa kwake hakurekebishiki. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, udongo uliporomoka Goha, huko Mamba Miamba, ukafukia nyumba na watu wasiopungua 20 wakafa. Mvua inapokuwa kubwa kiasi hicho ndipo mtandao unapodhoofika zaidi, na ndipo tahadhari inapotakiwa kuwa nyepesi zaidi: mistari mitano ya maandishi, jina la kata, saa, hatua za kuchukua. Kuiweka tahadhari ndani ya ramani nzito ya rangi saba ni kuwaandikia watu ambao hawako hatarini.

Watu wa milima hii wana historia na serikali isiyoeleweka. Miaka ya 1940 mkoloni aliwaletea kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya mtu kwa namna ambayo mlipaji hakuweza kuielewa wala kuihoji. Mwaka 1945 walishuka kwa maelfu hadi bomani Same wakakaa hapo wakidai majibu, na baadaye wanawake nao wakaandamana. Profesa Isaria Kimambo aliandika habari hiyo kwa kina. Kodi ile hatimaye iliachwa. Walichokidai ni kwamba anayewatawala aseme kwa lugha na njia wanayoweza kuifuata, na dai hilo ni halali leo kama lilivyokuwa wakati ule. Mtu asishuke tena Same kwa miguu kwa sababu fomu imekataa kufunguka.

Sheria ya Serikali Mtandao tunayo tangu 2019, Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo na miongozo ya tovuti za umma ipo. Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nawaelekezea waheshimiwa madiwani wa Same na Mwanga, kwa sababu bajeti inapita mikononi mwao. Fungu la TEHAMA likifika mezani, msiulize tovuti itapendeza namna gani. Ulizeni ukurasa wa kwanza una kilobaiti ngapi. Ulizeni ni mtu gani asiyeona aliyejaza fomu hiyo akaimaliza peke yake, na aje aseme mbele ya baraza. PageSpeed Insights ya Google ni ya bure, inatoa alama kwa dakika moja. Takeni karatasi ya alama hizo iambatanishwe na hati ya malipo. Kisha mkandarasi apande gari hadi Vudee na simu ya laini moja ya bei ndogo, aufungue ukurasa wake akiwa pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Usipofunguka, arudi akatengeneze, na fedha zibaki kwenye akaunti ya halmashauri hadi ufunguke.